Pawa saplai mpya: feni zinazunguka lakini skrini haina picha

Mchakechake82

Assalamu alaykum waungwana. Naomba msaada kwa wanaojua kazi hii.

Kompyuta ni ya mezani: bodi ya H81, prosesa Core i5-4570, RAM GB 8 kwa vipande viwili, diski moja, SSD moja na kadi ya picha GTX 1060 yenye tundu moja la pini 6. Pawa saplai ya zamani ilikufa siku umeme ulipokatika ukarudi mara mbili ndani ya dakika. Hii mpya imeandikwa wati 550, haina ile swichi nyekundu nyuma ya kuchagua volti 115 au 230, na waya zake zote ni nyeusi.

Nimechomeka plagi kubwa ya pini 24 kwenye bodi, SATA (zile plagi bapa za diski) kwenye diski zote mbili, na pini 6 kwenye kadi. Nikibonyeza swichi feni zote zinazunguka, hata za kadi, na taa ya mbele inawaka. Skrini inasema hakuna signali. Hakuna mlio wowote.

Zimebaki plagi mbili za pini 8 zinazofanana sana. Moja ina maandishi yaliyofifia, nyengine haina kitu. Na kwenye bodi, juu karibu na prosesa, kuna tundu dogo la pini 4. Nilijaribu plagi moja ikakataa, nikaliacha. Je, hilo tundu ni lazima? Na nikitia plagi isiyo yake itaunguza bodi? Nipo Chake Chake, multimeta ninayo.

FundiMlandege

Wa alaykumu salaam kaka. Jawabu umeshaliandika mwenyewe: hilo tundu la pini 4 uliloliacha ndilo linalolisha prosesa. Ni lazima.

Plagi ya pini 24 inalisha bodi yenyewe, RAM, USB na feni. Prosesa haichukui umeme wake hapo. Inachukua volti 12 kwenye tundu lake peke yake, kisha zile koili na transista zilizoizunguka zinazishusha hadi karibu volti 1.8. i5-4570 ni prosesa ya wati 84. Kwa volti 1.8 hizo ni ampia arobaini na kitu, na ndiyo maana ikapewa njia yake. Usipochomeka pale, feni zitazunguka kwa sababu zinahitaji volti 12 tu na hazingoji ruhusa ya mtu, lakini prosesa imelala. Prosesa ikilala BIOS, yaani programu ya bodi inayoianzisha kompyuta, haisomwi, kwa hiyo hupati picha wala mlio. Dalili zako ni hizo hizo.

Sasa zile plagi mbili. Hapa usifanye haraka, kwa sababu zinafanana umbo lakini zimepangwa kinyume.

Plagi ya prosesa inagawika mara mbili sawasawa, 4 na 4. Plagi ya kadi ya picha inagawika 6 na 2. Ishike mkononi uitizame inapoachana: kipande kinachochomoka kikiwa na pini 2 tu, hiyo ni ya kadi, iweke mbali na prosesa. Bila shaka ile uliyotia kwenye kadi inatoka kwenye waya huo huo wenye plagi mbili.

Waya zingekuwa na rangi ungeona kwa jicho: njano ni volti 12, nyeusi ni hasi. Kwenye plagi ya prosesa, njano zote ziko upande wa kikulabu, yaani kile kidole cha plastiki kinachong'ata. Kwenye plagi ya kadi, upande wa kikulabu wote ni nyeusi. Ukiitia ya kadi kwenye tundu la prosesa kwa nguvu, volti 12 inakutana na hasi ya bodi moja kwa moja. Pawa saplai yenye ulinzi itagoma: feni zinashtuka robo mzunguko, zinasimama. Isiyo na ulinzi mzuri itaondoka na bodi.

Zako ni nyeusi tupu, basi tumia multimeta. Pawa saplai iwe imechomolewa ukutani na plagi hizo hazijachomekwa popote. Weka multimeta kwenye mlio, yaani kipimo kinacholia ncha zake mbili zikiungana. Waya mmoja ugusishe kwenye chuma tupu cha pawa saplai, kwenye kichwa cha skrubu ni pazuri. Waya wa pili upitishe pini moja moja:

– Plagi ya prosesa: pini nne za upande wa kikulabu hazilii, nne za upande wa pili zinalia.
– Plagi ya kadi ya pini 8: nne za upande wa kikulabu zinalia zote, na upande wa pili inalia moja tu, ile iliyo kwenye kipande cha pini 2.

Pini ya volti 12 inaweza kulia kidogo kisha ikanyamaza. Ni kapasita za ndani zinajichaji kwa betri ya multimeta. Hesabu mlio unaoendelea tu.

Ukishaijua ya prosesa, igawe. Jaribu kipande kimoja, kisha chengine. Ukitizama kwa karibu utaona vishimo vyengine ni mraba kamili na vyengine vimekatwa pembe. Kipande chenye vishimo vilivyolingana na tundu la bodi kitaingia kwa kidole gumba bila kusukumwa kwa nguvu, na kikulabu kitalia "tak". Kile kilichobaki kifunge pembeni kisiguse feni.

Kabla ya kutia mkono: zima ukutani, chomoa waya, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki itoke. Na mara ya kwanza usiwashe na kadi. Itoe, chomeka skrini kwenye tundu la picha la bodi, maana i5-4570 ina grafiksi yake ndani. Picha ikitokea, zima, rudisha kadi.

Volti230

Aliyosema Fundi Mlandege ni sawa. Mimi naongeza kipimo, kwa sababu pawa saplai iliyoondoka kwa mshtuko wa umeme inaweza kuwa imeondoka na kitu chengine, na mpya nayo si ya kuaminiwa kwa kuwa ni mpya tu.

Chomoa plagi zote kutoka kwenye bodi, diski na kadi. Kwenye plagi ya pini 24, pini ya 16 ndiyo inayoamrisha kuwaka. Zingekuwa na rangi ungeiona ni kijani, ya pekee. Kuipata kwenye nyeusi tupu: geuza plagi uangalie upande wa pini, kikulabu kikiwa juu. Safu ya juu, yenye kikulabu, ni namba 13 hadi 24. Ya chini ni 1 hadi 12. Kona ya 13 na 24 usiikisie. Tafuta pini iliyo tupu, isiyo na waya: hiyo ni namba 20, na kutoka hapo unarudi 19, 18, 17 ambazo ni hasi tatu, halafu 16, halafu 15 ambayo ni hasi tena. Upande wa pili wa 20 ni 21, 22 na 23, zote volti 5. Hakikisha kwa mlio: 15, 17, 18 na 19 zinalia na chuma, 16 hailii.

Unganisha 16 na 17 kwa kipande cha waya, chomeka ukutani, washa. Feni ya pawa saplai izunguke. Nyengine zina feni isiyozunguka mpaka ipate joto, basi pima volti usitegemee feni. Waya mweusi wa multimeta kwenye hasi, mwekundu kwenye pini:

Volti 12: kati ya 11.40 na 12.60.
Volti 5: kati ya 4.75 na 5.25.
Volti 3.3: kati ya 3.14 na 3.47.
Pini ya 9, ya stendibai: volti 5 hata kabla hujaunganisha kile kipande cha waya.
Pini ya 8: inapanda hadi karibu volti 5 chini ya nusu sekunde baada ya kuwaka. Hii ndiyo inayoiambia bodi "umeme wangu umetulia, endelea". Isipopanda, bodi itabaki kimya hata kama volti nyengine zote ni nzuri.

Kisha soma kibandiko. Hiyo 550 iache, tafuta safu ya 12V na idadi ya ampia, zidisha. Ampia 42 mara 12 ni wati 504, hiyo ni pawa saplai ya kweli. Zipo zilizoandikwa 500 kwa herufi kubwa na kwenye 12V zina ampia 18, yaani wati 216. Hiyo 500 imepatikana kwa kujumlisha volti ambazo kompyuta ya leo haizitumii sana. Wewe una prosesa ya wati 84, kadi ya wati 120, na bodi, diski na feni tuseme 50 au 60. Ni kama wati 260 ukicheza, na karibu zote zinatoka kwenye 12V. Uwe na ampia 30 hapo ulale usingizi.

FundiMlandege

Nakubali, ila kipimo cha pawa saplai tupu kinaweza kudanganya. Zile za muundo wa kizamani, zisipobeba mzigo, 12V inapanda au inayumba, na ukiweka mzigo inashuka chini ya 11.4. Kwa hiyo chomeka angalau diski mbovu ya zamani au feni mbili za keisi wakati wa kupima. Halafu upime tena kompyuta ikiwa inafanya kazi, kwa kuchomeka ncha za multimeta nyuma ya plagi ya SATA au Molex (ile ya zamani ya pini 4 kubwa) ambayo haitumiki. Mwangalifu na ncha mbili kugusana.

UfundiWete

Kaka wa Chake, swali moja ambalo hakuna aliyeuliza: waya za pawa saplai mpya zinachomoka kwenye boksi lake, au zimetoka ndani moja kwa moja?

Kama zinachomoka, usitumie hata waya mmoja wa ile ya zamani. Watu wanaacha waya za SATA zilizokwishapangwa vizuri ndani ya keisi, wanabadilisha boksi tu. Upande wa diski plagi ni ya aina moja dunia nzima. Upande wa boksi kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na plagi inaweza kuingia vizuri kabisa huku volti 12 imekaa mahali pa volti 5. Diski inakufa sekunde ile ile, na data zako zote zimo humo.

Jengine ni vile vigeuzi vya Molex kwenda SATA. Vile ambavyo plastiki imemiminwa juu ya waya kama kipande cha mshumaa, bila kuona waya unapoingia, viepuke. Ndani yake waya zinaweza kusogeleana mpaka zikagusana, na plastiki inashika moto. Chukua vile ambavyo kila waya umebanwa kwenye pini yake na kifuniko cha nyuma kinafunguka.

Na wakati upo ndani, tizama meno ya RAM na ya kadi. Hali ya hewa yetu ya baharini inaacha ukungu wa kijani kwenye shaba, na hata dhahabu ya meno inachakaa ikiwa imepakwa nyembamba. Sugua kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa kwa pamba na spiriti, ngoja ikauke. Skrini nyingi zisizo na picha baada ya kubadilisha pawa saplai ni RAM iliyosogea wakati mkono ulikuwa unatafuta pa kupitisha waya.

Ile ya zamani usiifungue. Ndani kuna kapasita yenye volti 325, na kwenye zile zisizo na swichi nyekundu inakaribia 400, na haiishi kwa kuchomoa tu. Ukiichungulia kwa tochi kupitia matundu ya feni unaweza kuona sababu ya kifo bila kuigusa: kapasita iliyovimba kichwa, au mjusi kafiri aliyekauka katikati ya miguu ya transista. Wanafuata joto, na upande ule una umeme wa ukutani. Yale matundu ya nyuma ya keisi yasiyo na kadi yazibe kwa vibati vyake.

Mchakechake82

Shukran nyingi. Matokeo:

Waya zimetoka ndani moja kwa moja, hazichomoki. Kibandiko kinasema 12V ampia 40. Nilipima na diski moja ikiwa imechomekwa: 12.11, 5.06, 3.34, pini ya 8 inatoa 4.9. Plagi ya prosesa niliijua kwa mlio kama alivyoeleza Fundi Mlandege, kipande cha pili ndicho kilichoingia.

Kompyuta imewaka. Bila kadi nilipata picha mara moja, na kadi pia sawa.

Yamebaki mawili. Kwanza, nikigusa keisi nikiwa peku kwenye sakafu ya saruji napata mtetemo, kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Ile ya zamani haikuwa na tabia hii. Pili, jana iliachwa dakika ishirini bila kuguswa, ikajizima. Nikicheza gemu saa mbili haijizimi.

Volti230

La kwanza ni ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Mlangoni mwa kila pawa saplai kuna chujio lenye kapasita mbili ndogo, moja kutoka laini (waya wenye umeme) na moja kutoka nutro (waya wa kurudi), zote zinaishia kwenye chuma cha boksi. Kazi yake ni kumwaga kelele za umeme kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, zile kapasita mbili zinagawana volti 230 nusu kwa nusu, na keisi inabaki ikielea kwenye karibu volti 115. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unahisi sisimizi na hurushwi. Ya zamani pengine ilikuwa na chujio dogo au haikuwa nalo kabisa, kwa hiyo usiilaumu mpya.

Lakini usiiache hivyo. Siku waya wa laini ukigusa chuma ndani, ethi ndiyo inayolipua fyuzi. Bila ethi, anayegusa keisi ndiye ethi.

Kagua kwa mpangilio huu. Waya wa kompyuta uwe na plagi ya pini tatu za bapa, na pini ndefu ya juu iwe ya chuma. Zipo plagi ambazo pini hiyo ni plastiki ya kufungulia soketi tu. Ifungue plagi: waya wa kijani na njano uwe umebanwa kwenye pini ndefu, na fyuzi iwe ya ampia 5, si 13, wala si kipande cha waya. Kompyuta yako haifiki hata ampia 2. Ukitumia kebo ya kugawia, nayo iwe na ethi. Kisha pima kwenye soketi ya ukutani, multimeta kwenye AC: laini na nutro karibu 230, laini na ethi karibu hiyo hiyo, nutro na ethi volti chache tu. Laini na ethi ikisoma 60 au 90 inayoyumba, ethi ya nyumba haipo au imekatika.

Hapo mwite fundi umeme mwenye leseni. Mara nyingi ni kibanio cha waya kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa nje: chumvi na unyevu vimekula, waya umebaki umening'inia. Pemba bahati yenu udongo unashika unyevu. Kwenye ardhi ya mawe kama ya Makunduchi nondo moja mara nyingi haitoshi. Usifunge waya wa ethi kwenye bomba la maji, mabomba mengi sasa ni ya plastiki. Wala usiunganishe ethi na nutro ndani ya soketi ili mtetemo uondoke. Nutro ikikatika njiani, keisi nzima inabeba volti 230.

FundiMlandege

La pili linatokana na prosesa yako. Kizazi cha nne cha Core kilikuja mwaka 2013 na usingizi mzito zaidi, unaoitwa C6 na C7. Kompyuta ikiwa haina kazi, prosesa inashusha matumizi kwenye ile plagi yake ya 12V hadi ampia 0.05. Pawa saplai nyingi za muundo wa kizamani zilitengenezwa zikitarajia angalau ampia 0.5 pale. Mzigo ukitoweka hivyo, volti zinatoka kwenye mipaka na ulinzi unazima. Ndiyo maana inajizima ikiwa imekaa bure na haijizimi kwenye gemu. Ingekuwa ni udhaifu wa wati, ingekuwa kinyume chake.

Ingia BIOS kwa kubonyeza Delete inapowaka, nenda kwenye mipangilio ya prosesa, tafuta C6/C7 State, weka Disabled. C1E, ule usingizi mwepesi, iache ilivyo. Hifadhi kwa F10. Iache saa moja bila kuigusa uone. Unachopoteza ni wati chache za umeme kompyuta ikiwa imekaa.

Ukiwa humo humo BIOS, fungua ukurasa wa afya ya kompyuta usome +12V. Ikiwa iko kati ya 11.9 na 12.2 na haichezi, pawa saplai haina neno.

Mchakechake82

C6/C7 nimezima, imekaa tangu Laasiri mpaka Isha haijajizima. BIOS inasoma 12.096. Ukutani laini na ethi inasoma 74 na inayumba. Kibanio cha nje nimekiona: kimekuwa kijani chote na waya umetoka. Fundi anakuja kesho asubuhi na nondo mpya, kompyuta nimeichomoa mpaka amalize.

UfundiWete

Mwambie abane waya kwa kibanio cha shaba au cha brasi, si cha chuma, apake grisi juu yake akimaliza. Na akiondoka pima tena ile ile ya 74 kabla hujachomeka.